Kimya cha Bi Taipu

"Amepigwa bubu," Mama Uzi alisema, hata ndoo hajaiweka chini. "Jirani yako wa ukutani. Jukwaani, mbele za watu! Mikono imekufa ganzi, macho yamemtoka, hapigi, hasemi. Wanasema ameona kitu."

"Ameona nini?" Mama Kidonge aliuliza.

"Sasa alichokiona nitakijuaje mimi? Kwani nilikuwepo?"

Ndivyo alivyokuwa Mama Uzi. Habari huwa nayo nzima mpaka umuulize swali la pili. Alikuwa fundi cherehani wa chumba cha kwanza pale getini, na kwa kuwa kila aingiaye na kila atokaye alipita mbele ya cherehani yake, hakuna jambo la ua ule lililopita bila yeye kulipiga pindo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na mdomo usiojua kukaa.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mama Kidonge alikuwa bombani anafua nepi, mtoto mgongoni, macho yake mwenyewe mekundu kwa kukosa usingizi. Alikamua nepi moja, akaikung'uta, akaitundika kwenye kamba, kisha akatazama mlango wa chumba namba saba. Ulikuwa umefungwa. Pazia halikutikisika.

"Tangu Jumamosi hajafungua piano," alisema taratibu, kama anayejisemea.

"Si ndiyo nakwambia! Mtu aliyepigwa bubu atafungua piano ya nini?"

Mwenye chumba namba saba alikuwa Bi Taipu. Jina hilo alipewa na watu, naye akalipokea bila kinyongo, maana alikuwa amepiga taipu miaka thelathini na moja kwenye ofisi ya masjala. "Kila barua ya kumnyima mtu kitu katika mji huu," alipenda kusema, "imepita chini ya vidole hivi. Tunasikitika kukujulisha. Tunasikitika kukujulisha. Mimi nimesikitika zaidi ya mkuu wa idara, maana yeye alitia sahihi tu."

Piano alijifunza kwa wizi. Karibu na masjala palikuwa na ukumbi wa mikutano, na ndani ya ukumbi piano kuukuu isiyo na mwenyewe, na mlangoni mlinzi aliyependa jazi kuliko alivyopenda kazi yake. Saa ya chakula wenzake wakienda kula, Bi Taipu alienda kukaa mbele ya vile vibao vyeupe na vyeusi, mlinzi akimfungulia redio yake ndogo. Anasikia kipande, anakitafuta kwa vidole, anakikosa, anakitafuta tena. Siku akikipata anakigeuza nje ndani, anakirefusha, anakipinda, mpaka mwenye wimbo angekipita njiani asingekijua. "Hiyo ndiyo jazi yenyewe," mlinzi alikuwa akimwambia. "Usimrudishie mtu wimbo wake kama alivyokukopesha."

Alipostaafu wakamuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, saa ya ukutani au seti ya sufuria. Akasema anataka ile piano, ambayo ilikuwa itupwe. Wanaume wanane waliileta. Mlangoni haikupita, ikabidi fremu ya dirisha ing'olewe, na mpaka leo dirisha lile halifungi sawasawa. Mvua ikinyesha, Bi Taipu anaifunika piano kwanza, kitanda baadaye.

Kwa miaka kumi na moja sasa, kila Jumamosi alasiri, alipiga kwenye sebule ya chai ya hoteli moja iliyo mwendo wa robo saa kutoka pale. Watu walikunywa chai, walizungumza biashara zao, walichumbiana, waligombana kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemtazama. Mwenyewe alisema alikuwa kama feni ya darini: ikiwepo hawaioni, ikizimwa ndiyo watauliza kuna nini.

Mpaka mtangazaji mmoja wa redio alipokuja kumngoja mtu ambaye hakutokea. Alingoja saa mbili. Kwa kukosa la kufanya, akasikiliza. Kesho yake akasema redioni kwamba katika mji huu kuna mama mtu mzima anayepiga jazi kama anayekusimulia jambo lako mwenyewe ulilolisahau. Meneja wa hoteli aliposikia, kichwa kikamvimba. Akaandaa onyesho rasmi: ukumbi mkubwa, viti kwa mistari, mabango, na amri kwamba Bi Taipu akiwa anapiga, mhudumu asipite na sinia na mtu asikoroge chai.

Hilo ndilo onyesho la Jumamosi. Mama Kidonge alitaka sana kwenda, lakini Kidonge alikuwa anaota jino, na mtoto anayeota jino hapelekwi mahali palipokatazwa hata kukoroga chai.

Jumanne mchana alimpelekea baba Kidonge chakula. Baba Kidonge alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilipakana na kibanda cha kinyozi. Alimkuta si karakanani bali kwenye kiti cha kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu, nusu ya pili ikingoja, maana kinyozi alikuwa ameshika gazeti badala ya mashine. Watu watano hivi walikuwa wameegemea mlango.

"Endelea basi, bwana," mmoja alisema.

"Nyoa basi, bwana," baba Kidonge alisema.

"Wewe tulia, kichwa chako hakina haraka." Kinyozi alisafisha koo. Aliyeandika habari za lile onyesho ni yule mhakiki wa muziki ambaye watu humwita Bwana Saa, kwa sababu kila andiko lake lina dakika ndani yake. "Sikilizeni. 'Nyimbo tatu za kwanza zilipigwa kwa usahihi wa barua ya serikali: hazina kosa, hazina pia mtu ndani yake.'"

"Aka! Hapo amemkosea heshima," alisema muuza vocha.

"Barua ya serikali ikikosewa unajua hasara yake wewe?" kinyozi alimjibu. "Ngoja. 'Wimbo wa nne, wa polepole, ulianza kwa matumaini. Kisha, mwisho wa sehemu ya kwanza, mpigaji aliinua mikono, akaiweka mapajani, akanyamaza. Nilitazama saa yangu. Alinyamaza dakika moja na nusu. Wengine walidhani wimbo umekwisha, wakapiga makofi. Hakutikisika. Bwana mmoja alisimama kwenda zake, mkewe akamvuta shati.'"

Watu wakacheka. Mama Kidonge alikuwa amesimama nje kidogo, sahani mkononi, Kidonge begani. Hakucheka. Kuna neno lilikuwa limeanza kumkwaruza moyoni.

"'Nina hakika tungekuwa bado tumekaa pale,'" kinyozi aliendelea, "'kama mhudumu aliyesimama nyuma asingeangusha kijiko. Kijiko kiliruka sakafuni mara mbili. Hapo hapo mpigaji aliinua mikono kama aliyeamshwa. Na wala hakuendelea alipoishia! Alirudia wimbo mzima tangu mwanzo, kama mwanafunzi aliyeambiwa hakusoma vizuri. Mtu akisahau, umri unamsamehe. Lakini tiketi haina umri.'"

Sahani ilimteleza Mama Kidonge. Aliidaka kwa goti, mchuzi ukamwagikia kanga.

"Vipi wewe?" mumewe aliuliza.

"Limesema kijiko kiliruka mara ngapi?"

"Mara mbili," kinyozi alisema. "Kwani una hisa kwenye kijiko?"

Watu wakafa kwa kicheko. Mama Kidonge aliweka sahani juu ya pipa, akageuka, akaondoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa akijisemea kimoyomoyo: mara mbili, mara mbili. Mungu wangu. Ni mimi.

Mambo yalianza hivi. Walipohamia chumba namba nane, Kidonge alikuwa na wiki tatu. Alizaliwa mdogo kama kidonge, mkali kama kidonge, ndiyo maana akaitwa hivyo. Saa nane mchana ilikuwa saa yake ya kulia, na saa nane mchana ilikuwa saa ya Bi Taipu ya kufanya mazoezi. Siku ya kwanza Mama Kidonge, akiwa amechoka mpaka kwenye kucha, alichukua mwiko akagonga ukuta. Alikusudia kusema: tafadhali nyamaza. Bi Taipu akanyamaza. Na palepale Kidonge, ambaye kumbe alikuwa ameanza kusinzia kwa ile piano, akafumbua macho na kupiga ukelele wa kuita majirani wa mtaa wa pili. Mama Kidonge akagonga tena haraka haraka, kusema: samahani, rudia, rudia!

Bi Taipu akarudia.

Tangu siku hiyo wakawa na lugha yao. Bi Taipu anapiga ule wimbo wa polepole, alioutunga mwenyewe na hakuwahi kuupa jina. Akifika mwisho wa sehemu ya kwanza anainua mikono, anangoja. Upande wa pili Mama Kidonge anamchungulia mtoto. Akigonga mara moja: amelala, endelea na sehemu ya pili, ile laini. Akigonga mara mbili: bado yuko macho, anza upya. Siku moja Bi Taipu alianza upya mara tisa, ya tisa akaipiga kwa hasira kidogo, Kidonge akalala kwa hiyo hiyo ya hasira. Miezi minane, kila siku, na hata siku moja hawakuwahi kulizungumza. Wakikutana bombani ni "Shikamoo, Bi Taipu," na "Marahaba, mwanangu, mtoto hajambo?" basi. Mambo ya ukutani waliyaacha ukutani.

Sasa Mama Kidonge alikaa kitandani, mtoto akimvuta hereni, akaona picha yote. Bi Taipu jukwaani, mikono mapajani, anangoja mwiko. Ukumbi mzima kimya, na mwiko uko huku nyumbani, umelala kwenye sufuria.

Je, aende akamwambie? Aseme nini? "Bibi, mimi ndiye niliyekuharibia"? Mama Kidonge aliishia darasa la saba na hakuwa na mazoea ya kumweleza mtu mzima mambo yanayotokea ndani ya mtu mzima huyo. Akajiambia atakwenda kesho.

Kesho yake mambo yakazidi. Yule mtangazaji wa redio, kwa kumkomoa Bwana Saa tu, alisema hewani kwamba gazeti halina masikio. Kwamba kimya kile ndicho kilikuwa sauti kubwa kuliko zote za jioni ile. Kwamba kijiko hakikuanguka: kiliangushwa. Kwamba huu ni ubunifu ambao ulimwengu utaufahamu baada ya miaka hamsini.

Basi ua ukagawanyika. Bombani palikuwa na chama cha Amesahau na chama cha Kusudi.

"Kijiko kilipangwa!" alisema mke wa dereva. "Redio imesema."

"Kilipangwa na nani? Mimi mwenyewe vijiko vinaniponyoka kila siku, mbona redio haiji?" Mama Uzi alijibu. Alikuwa kiongozi wa Amesahau, ingawa ule ububu wa Jumatatu alikwisha kuukana kabisa.

"Wewe huelewi jazi, shoga."

"Na wewe unaielewa tangu lini? Tangu jana saa moja, baada ya taarifa ya habari?"

Mke wa dereva akavuta midomo, akafunga bomba kwa nguvu kama bomba ndilo lililosema.

Kati yao alipita Bi Taipu mwenyewe, kanga kichwani, birika mkononi. Mwanamke mwembamba, mgongo ulionyooka kama bado yuko kwenye kiti cha ofisi. Watu wote wakaanza kufua kwa bidii kubwa. Alijaza birika. Alisema, "Habari za asubuhi." Wakasema nzuri, wote kwa pamoja, kama darasa. Akarudi ndani.

Mama Kidonge alimwona mikono. Vidole vile, ambavyo siku zote vilikuwa vinachezacheza juu ya chochote, ukingo wa ndoo, mpini wa birika, mabega ya watoto, leo vilikuwa vimelala tu.

Usingizi wa Kidonge nao ulikuwa umekufa kabisa. Saa nane ikifika, mtoto anageuza uso kutazama ukuta, anangoja, anaona kimya, anaanza. Mama yake alimwimbia. Alimbembeleza. Alipiga sufuria kwa kijiko. Mtoto alimtazama kwa huruma, akaendelea kulia.

Alhamisi akaja meneja wa hoteli. Viatu vyake viling'aa hata akawa anaruka madimbwi ya sabuni kama mtoto anayeruka kamba. Alibisha hodi namba saba, na kwa kuwa hakukaribishwa ndani, alisema shida yake pale pale kizingitini, ua mzima ukisikia bila kutega sikio.

"Mama, watu wanapiga simu. Wanataka onyesho la pili, Jumamosi hii. Wanataka kukiona kile kijiko."

"Kukiona nini?"

"Kijiko. Tumeshakiosha. Tutamweka yule mhudumu jukwaani, pembeni kidogo, amevaa vizuri. Ukinyamaza, anaangusha. Tumefanya naye mazoezi, sasa anakiangusha vizuri mno. Na Bwana Saa naye anakuja, ametuma salamu kwamba atakuja na saa."

Bi Taipu alinyamaza. Mama Uzi, cherehani yake imesimama, alinong'ona, "Mnaona? Anahesabu dakika moja na nusu." Lakini Bi Taipu alisema.

"Miaka kumi na moja nimewapigia, baba. Nyimbo mia, nyimbo mia mbili. Hamkusikia hata mmoja. Leo mmesikia kijiko."

"Mama, usichukulie hivyo..."

"Mpe salamu zangu huyo mhudumu. Mwambie onyesho ni lake."

Akafunga mlango polepole, kwa adabu, jambo ambalo lilimuuma meneja kuliko kama angeubamiza. Akarudi getini akiruka madimbwi, safari hii akakanyaga moja.

Ijumaa asubuhi Mama Uzi alikuja chumba namba nane bila ndoo na bila kicheko. Alikaa kwenye kigoda, akamkamata Kidonge shavu.

"Nimekuja kukwambia jambo, na hili silitii chumvi. Amekuja kuniazima futi kamba."

"Nani?"

"Bi Taipu. Nikamuuliza unapima gauni? Akasema hapana, napima piano. Mwalimu mkuu wa ile shule ya chekechea anakuja leo saa tisa, kama itapita mlangoni kwao anaichukua. Bure! Nikamwambia Bi Taipu, hata mimi cherehani yangu ikinigomea siku moja siigawi. Akasema, cherehani yako haijawahi kukuaibisha mbele ya watu." Mama Uzi alifuta pua kwa ncha ya kanga. "Mimi nilisema tu yale maneno ya kupigwa bubu, unajua mimi navyosema. Sikutaka afike huku."

Alipoondoka, Mama Kidonge alibaki amesimama katikati ya chumba. Futi kamba. Yaani piano itatoka kwa lile dirisha ililoingilia, na upande wa pili wa ukuta patabaki ukuta.

Saa nane kasoro dakika chache Kidonge alianza kugeuza uso. Mama yake alimweka begani, akaenda kwenye jiko, akautoa mwiko kwenye sufuria, akaufuta kwa kanga. Alijikaza. Kwenda kusema hakuweza kwa siku tatu, lakini hili aliweza, maana hili ndilo walilozoea kuambiana.

Akagonga mara mbili.

Kimya. Kidonge mwenyewe alinyamaza, mdomo wazi, machozi yamesimama shavuni.

Akagonga tena mara mbili. Bado yuko macho, Bibi. Anza upya.

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu. Kifuniko kikafunguka kwa ule mlio wake wa bawaba isiyotiwa mafuta. Kisha wimbo ukaanza, tangu mwanzo. Ulianza kama mtu anayeshuka ngazi gizani, anapapasa kila kidato kwa mguu. Kidonge aliegemeza kichwa. Sauti ikajiamini, ikanyooka, ikazunguka, ikafika mwisho wa sehemu ya kwanza.

Ikasimama.

Mama Kidonge alimchungulia mtoto. Kope zilikuwa zinashuka, zinapanda, zinashuka. Alikuwa bado anafikiri agonge mara ngapi aliposikia kiti kikianguka chali upande wa pili, mlango ukifunguka, ndara zikija mbio kwenye varanda. Bi Taipu alisimama mlangoni pa namba nane bila hodi, kanga imeteleza mabegani, futi kamba imening'inia shingoni kama fundi aliyekimbia mteja.

"Nilikuwa nangoja," alisema. Alikuwa anahema. "Pale jukwaani. Nilijua nangoja kitu. Nilijiuliza nangoja nini, na watu wananitazama, na sikumbuki nangoja nini! Nikadhani ndiyo basi, kichwa kimeondoka. Nimekaa juma zima nikidhani kichwa kimeondoka."

"Shikamoo, Bibi," Mama Kidonge alisema, maana ndilo lililokuja kwanza.

"Marahaba. Kile kijiko kiliruka mara ngapi?"

"Mara mbili. Gazeti limesema mara mbili."

"Mara mbili," Bi Taipu alirudia. "Bado yuko macho."

"Bibi, nisamehe. Ni mimi niliyekuharibia. Nilijua tangu Jumanne, nikashindwa kuja. Kama nisingegonga ule ukuta tangu mwanzo..."

Bi Taipu alikuwa ameshaanza kucheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda, akashika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja na kifua kwa mkono wa pili. "Ulimwengu utafahamu baada ya miaka hamsini!" alisema, akashindwa kumaliza. "Na yeye ana saa! Dakika moja na nusu amekaa na saa yake ananihesabia, kumbe mimi namngoja Kidonge!" Machozi yalimtoka. Mama Kidonge naye alijitahidi kujizuia, akashindwa, wakacheka wote wawili wakiwa wameziba midomo kwa kanga kwa ajili ya mtoto. Kule getini cherehani ya Mama Uzi ilisimama ghafla.

Walipotulia, Bi Taipu alikaa kwenye kigoda. Vidole vilikuwa vinachezacheza juu ya goti.

"Kule kwenye chai haikunitokea hata siku moja," alisema kwa mshangao. "Miezi minane yote hii. Na nilikuwa naupiga huu huu."

"Si kuna vikombe, Bibi?"

"Eeh?"

"Kwenye chai. Vikombe vinagongana, vijiko vinagongana. Hukosi mtu wa kukujibu. Meneja ndiye aliyekataza watu wasikoroge."

Bi Taipu alimtazama mwanamke huyu mdogo, nywele hazijachanwa, mwiko mkononi, doa la mchuzi wa Jumanne bado kwenye kanga. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma barua ambayo kwa mara ya kwanza haisemi tunasikitika.

"Wamenisikiliza watu wenye kalamu, na wenye redio," alisema. "Kumbe aliyekuwa ananisikiliza ni wewe."

Mama Kidonge hakujua aangalie wapi. Akaangalia mwiko.

Mlangoni kivuli kilipita, na Mama Uzi akaingiza kichwa. "Hodi jamani. Nimesikia vicheko nikasema nije nione kama kuna msiba. Yule mwalimu mkuu amefika, yuko pale getini, anaulizia piano."

Bi Taipu aliivua futi kamba shingoni, akamkunjia vizuri, akamkabidhi. "Mwambie nimeipima, haitoki. Na ile siku ilipoingia ilisumbua wanaume wanane, watoto wa chekechea wataiweza wapi."

"Nimwambie na sababu?"

"Sababu utaitafuta mwenyewe, mwanangu. Hapo nakuamini."

Mama Uzi alikwenda zake kwa furaha ya mtu aliyepewa kazi anayoijua.

Kidonge alikuwa amelala begani, mate yakimchuruzika mama yake mgongoni. Wote wawili walimtazama. Kutoka getini sauti ya Mama Uzi ilisikika ikimweleza mwalimu mkuu jambo refu, lenye daktari ndani yake.

"Mwanangu," Bi Taipu alisema, kwa sauti ya chini. "Kesho nitakwenda kupiga. Huyo mhudumu na kijiko chake abaki jikoni, na Bwana Saa aje hata na saa mbili. Lakini nina ombi, na ukikataa sitakulaumu."

"Sema tu, Bibi."

"Uje. Wewe na Kidonge, mstari wa mbele, na huo mwiko. Nikinyamaza unigongee mguu wa kiti. Na nakuomba sana, mwanangu: hata kama atakuwa amekodoa macho kama taa za gari, wewe gonga mara moja tu."